Shanga za Kupita Ugogo

Mwaka 1871, kabla hajavuka kwenda bara kumtafuta Livingstone, Henry Morton Stanley alisumbuka sana Unguja kwa jambo ambalo hakulitarajia: shanga. Fedha alikuwa nayo. Lakini ukishaiacha pwani fedha haikuwa na kazi. Chakula na ruhusa ya kupita vililipiwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Na shanga hazikuwa kitu kimoja. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliozoea njia ya Unyanyembe walimfundisha kama anavyofundishwa mgeni. Unyamwezi wanapokea nyekundu, samisami, nyingine wanazikataa. Ugogo wanataka nyeusi, bubu, ambazo ukitoka nje ya Ugogo ni sawa na kokoto. Sungomaji, zile kubwa kama yai la njiwa, zina thamani Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwingine hazitazamwi. Nyeupe, ambazo ziliitwa merikani, jina la aina moja ya nguo pia, zinapita Ufipa na baadhi ya sehemu za Ugogo, ila Ukonongo wanazidharau. Stanley akapiga hesabu ya safari ya miaka miwili, akanunua magunia 22.

Fikiria uzito wa uamuzi huo. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani au kichwani, kwa miezi mitatu mpaka Tabora. Huwezi kuchukua kila aina kwa wingi ili uwe salama, kwa kuwa kila gunia ni mtu, na kila mtu anakula. Ilikupasa uchague pwani, siku ya kwanza, kitu ambacho kingekubaliwa siku ya tisini na mtu usiyemjua. Ukikosea, shanga hazivunjiki wala hazipotei. Zipo, nzima, zinang'aa, na hazikusaidii kitu.

Njia hiyo ilipitisha pia pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na sitaki kuisimulia kana kwamba ilikuwa soko la shanga tu. Lakini nimekulia Tabora, na hesabu ya zile shanga ndiyo iliyonirudia akilini mwaka jana, nilipokaa barazani Isevya na mpwa wangu akiwa na kompyuta mapajani na bando la intaneti linayeyuka.

"Shikamoo mjomba. Usinisemeshe kwanza, naomba," alisema. Nikaitikia marahaba, nikanyamaza.

Alikuwa ameandika programu ndogo. Mwisho wa mwezi kila zahanati hujumlisha madaftari ya MTUHA: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, waliopimwa malaria. Jumla hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya inautumia nchi nzima tangu miaka ya mwanzo ya 2010. DHIS2 ina asili yake katika mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, ukakua chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa ndani yake kwa miaka mingi. Mpwa wangu hakugusa mfumo huo mkubwa. Alitaka tu kijiprogramu cha kusoma jedwali la muhtasari, kukagua kama jumla zinalingana, kisha kuzituma. Mistari aliyoiandika kwa mkono wake haikufika mia mbili.

Lakini kompyuta ilikuwa ikivuta mafaili kutoka mtandaoni, moja baada ya jingine, majina marefu yakikimbia kwenye kioo. Niliacha kuhesabu yalipopita mia. Mama yake, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akauliza, "Hivi vyote ni vya programu yako, mwanangu?" Akamjibu, "Ndiyo mama. Mimi nimeomba viwili tu."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Hakuna mtu leo anayeandika programu kuanzia sifuri. Kazi ya kusoma jedwali wengine walishaifanya, wakaiweka hadharani ili kila mtu aitumie. Kifurushi cha kazi hiyo huitwa maktaba. Kazi ya kutuma kitu mtandaoni nayo ina maktaba yake. Ila maktaba ya jedwali ilijengwa juu ya maktaba nyingine, na hiyo juu ya nyingine. Ni kama kualika mgeni mmoja arusini naye akaja na ukoo mzima, na kila mtu wa ukoo ana masharti yake ya chakula. Mambo hayo yanayohitajika ili jambo lako lisimame, waandishi wa programu wanayaita vitegemezi. Kifaa kinachokusanya vitegemezi vyote, kikaamua toleo gani la kila kimoja lichukuliwe, kikaunganisha vyote kuwa programu moja inayokimbia, ndicho kifaa cha kujengea.

Cha kwanza kujulikana sana kiliitwa Make, na Stuart Feldman alikiandika Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. Chanzo chake kinanipendeza kwa unyenyekevu wake: mwenzake alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu iliyokuwa sahihi, kumbe faili alilokuwa amelirekebisha halikujengwa upya. Make ilijua kipi kinategemea kipi, lakini vitu vyote vilikuwa mezani pako. Miaka ya mwanzo ya 2000 ikaja Maven, ya Jason van Zyl na wenzake, kwa ajili ya lugha ya Java. Maven ilileta ghala kuu mtandaoni, na ndani ya ghala hilo kila maktaba imebandikwa karatasi inayosema mimi ni nani, toleo langu ni lipi, na nahitaji nani. DHIS2 inajengwa kwa Maven. Mpwa wangu naye alikuwa anatumia hiyo hiyo.

Programu yake ilijengwa bila lalamiko. Ikafunguka, ikasoma jedwali, ikakagua jumla. Alipobonyeza kutuma, ikafa. Kioo kikaandika, kwa maneno ya mashine, kwamba kazi iliyoitwa haipo.

"Na Dar kwa mwenzangu inatuma," alisema. "Programu ni hii hii, mjomba. Hii hii."

Alitoa amri ya kuchora mti wa vitegemezi, nasi tukainama wote wawili. Kwenye mti ule ilionekana hivi. Maktaba ya jedwali ilihitaji maktaba fulani ya tatu, ndogo, toleo la 2.3. Maktaba ya kutuma ilihitaji nyingine, na hiyo nyingine ikahitaji ile ile ndogo, lakini toleo la 2.9. Haziwezi kuingia zote mbili mahali pamoja. Kwa kawaida Java hushika moja. Maven inachagua iliyo karibu zaidi na shina la mti, yaani aliyepita kwa watu wachache kufika kwako ndiye anayesikilizwa. Toleo la 2.3 lilikuwa hatua mbili kutoka shinani, 2.9 hatua tatu. Maven ikachukua 2.3. Lakini maktaba ya kutuma iliita kazi ambayo iliongezwa baada ya 2.3. Kwa kuwa Java hutafuta kazi pale tu inapoitwa, hakuna aliyelalamika mpaka siku ya kutuma. Mzigo ulikuwa mzima toka pwani, ukakataliwa Ugogo.

Na yule mwenzake wa Dar? Alikuwa ameijenga kwa kifaa kingine, Gradle, ambacho mkononi mwake kanuni ni tofauti: matoleo yakigongana, jipya kuliko yote linashinda. Programu moja, karatasi zile zile, vifaa viwili, majibu mawili. Watumiaji wa JavaScript wana npm, ambayo inakubali kubeba nakala zote mbili kila moja mahali pake, na ndiyo maana mafolda yao yana uzito wa kutisha. Hakuna kanuni kati ya hizi iliyo ya kijinga. Kila moja ni dau juu ya jambo ambalo kifaa hakiwezi kulijua: nani atakubali nini huko mbele.

Mtu atauliza, kwa nini kifaa kisijaribu tu mchanganyiko mmoja mmoja mpaka kipate unaofaa? Swali hili watu walilichukulia kwa uzito, na jibu lake naliona kuwa moja ya mambo mazuri yaliyogunduliwa katika fani hii. Chukua maktaba 20, kila moja ina matoleo mawili tu. Michanganyiko ni 1,048,576. Zikiwa 40, inapita trilioni moja. Mpwa wangu alikuwa na zaidi ya mia. Mwaka 2006 kikundi cha watafiti wa Ulaya, wakiwemo Roberto Di Cosmo na Xavier Leroy, kilithibitisha kwamba swali la kama pakeji fulani inaweza kusimikwa pamoja na vitegemezi vyake vyote liko katika lile kundi la maswali magumu ambalo Stephen Cook alilifungulia mlango mwaka 1971. Maswali ya kundi hilo yana tabia ya ajabu. Ukipewa jibu, kulihakiki ni kazi nyepesi: unapita mji kwa mji ukiuliza, bubu zipo hapa? samisami zipo hapa? Lakini kulipata jibu lenyewe, hakuna mtu duniani mpaka leo aliyegundua njia ya mkato inayofaa kila mahali, na wengi wanaamini haipo.

Kwa hiyo kijana anapohangaika usiku kucha na matoleo yanayogongana, si kwamba hana akili. Anapambana na kitu ambacho hesabu yenyewe imekiri ugumu wake. Nilimwambia hivyo, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo.

Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, michanganyiko mingi haina uovu huo wa mwisho, na wataalamu wamejifunza kuipunguza kwa busara ambayo kirangozi yeyote wa msafara angeielewa. Ukigonga ukuta, usirudi nyuma hatua moja na kujaribu tena ovyo. Uliza kwanza ni nini hasa kilichogongana. Ukishajua kwamba mzigo wa nyeupe na njia ya Ukonongo haviendi pamoja, liandike hilo, na kuanzia hapo usipoteze muda na mpango wowote wenye viwili hivyo, hata kama umebadilisha mengine yote. Mwaka 2018 Natalie Weizenbaum alitangaza njia iitwayo PubGrub inayofanya kazi kwa namna hiyo, na jambo nililolipenda zaidi ni kwamba inaposhindwa inakueleza kwa sentensi zinazofuatana: kwa sababu hiki kinahitaji kile, na kile hakikubaliani na hiki, basi haiwezekani. Kunyimwa njia pamoja na sababu ni tofauti kabisa na kunyimwa njia tu.

Stanley naye alinyimwa njia, kwa uchungu. Alipofika Tabora, mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji kwa vita. Ikambidi azunguke kusini, kupitia Ukonongo, nchi ile ile ambako shanga nyeupe zilidharauliwa. Njia ilipobadilika, thamani ya alichobeba nayo ikabadilika, bila yeye kugusa hata gunia moja.

Sasa, namba zenyewe. Ile 2.9 si mapambo. Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, aliandika kanuni ambayo wengi wanaifuata: namba tatu zenye nukta katikati. Ya mwisho ikipanda, nimerekebisha kosa tu. Ya katikati ikipanda, nimeongeza kitu bila kuharibu cha zamani. Ya kwanza ikipanda, nimevunja, hivyo kaa chonjo. Ni ahadi ya mtu kwa watu asiowajua, imeandikwa kwa tarakimu. Je, ahadi inatimizwa? Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walipitia maelfu ya maktaba katika ghala la Maven, wakakuta kwamba karibu theluthi moja ya matoleo yalivunja kitu, na kiwango hicho hakikutofautiana kati ya matoleo yaliyotangaza kuvunja na yale yaliyoahidi kutovunja. Nadhani si uongo wa makusudi. Mtu anabadilisha kitu anachodhani hakuna anayekitegemea, kumbe yupo, Tabora, barazani.

Lugha ya Go ilichukua mkondo mwingine, na hapa naona ujasiri. Russ Cox, aliyekuwa akiiongoza, alipendekeza mwaka 2018 kwamba badala ya kulitatua lile fumbo gumu, tubadili masharti ili fumbo lisiwepo. Kila maktaba iruhusiwe kusema jambo moja tu: nahitaji angalau toleo hili. Hakuna kusema simtaki yule. Kisha kifaa kichukue toleo la chini kabisa linalowatosheleza wote. Hesabu inakuwa nyepesi, na jibu la leo ndilo la kesho. Na ukitaka kuvunja ahadi? Unaruhusiwa, ila ubadilishe jina. Ukishavunja, wewe si yule tena, na usijiite kwa jina la yule.

Sisi wa Tabora tunalielewa hilo kupitia reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea mpaka Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tabora ikawa njia panda, kwa sababu reli zote tatu zina upana mmoja, mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma. Behewa la Mwanza linaingia Kigoma bila kumuuliza mtu. Kisha katikati ya miaka ya 1970 ikajengwa TAZARA kwenda Zambia, kwa upana wa milimita 1,067, ili ilingane na reli za kusini. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja changu. Lakini milimita hizo zinatosha. Pale Kidatu, ambako tawi la reli ya zamani linakutana na TAZARA, ilibidi mwaka 1998 kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Na sasa inakuja reli mpya, milimita 1,435; ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na mikataba ya kuifikisha Tabora na kuivusha mpaka Kigoma imeshatiwa saini. Inapita sambamba na ile Reli ya Kati ya Wajerumani, na hakuna behewa litakaloruka kutoka moja kwenda nyingine. Lakini hakuna anayedanganyika, kwani imeitwa kwa jina lake, SGR. Hatari kubwa ingekuwa reli mbili zenye jina moja na milimita 67 kati yake.

Mpwa wangu alikuwa na dawa ya haraka: kuandika kwenye karatasi ya programu yake mwenyewe kwamba anaitaka ile maktaba ndogo, toleo la 2.9. Ikiandikwa pale inakuwa hatua moja tu kutoka shinani, na Maven itamsikiliza yeye kuliko wote. Nilimuuliza kwa nini basi asifunge kabisa orodha nzima, kila toleo kama lilivyo, lisibadilike milele. Ni desturi nzuri na vifaa vingi vina faili la aina hiyo, daftari la mnyapara linaloonyesha kila mzigo na alama yake, ili asije mtu akabadilisha gunia njiani. Ila daftari haliwezi kurudisha gunia lililoondolewa ghalani: Machi 2016 programu nyingi duniani zilishindwa kujengwa kwa saa kadhaa kwa sababu mtu mmoja aliondoa kwenye ghala la npm pakeji yenye mistari 11, iitwayo left-pad, ambayo kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno.

"Lakini mjomba, ukifunga, unafunga na ugonjwa ndani," alisema. Alikuwa anakumbuka Desemba 2021. Log4j, maktaba ya Java inayoandika kumbukumbu za programu, iligundulika kuwa na mwanya uliomwezesha mtu wa mbali kuiamuru kompyuta kwa kuiandikia maneno machache tu. Aliyeripoti alikuwa mtaalamu wa kampuni ya Alibaba, China. Waliopata taabu zaidi si wale walioiomba Log4j wenyewe. Ni wale ambao hawakujua kwamba wanayo, kwa sababu iliingia kupitia kitegemezi cha kitegemezi, ngazi tatu, nne, tano chini ya mti. Mifumo ya hospitali, benki na serikali ilikuwa inachorewa miti usiku na mchana ili watu wajue tu kama imo. Kisha marekebisho yenyewe yalitoka mfululizo, 2.15, 2.16, 2.17, kila moja likiziba kilichoachwa na lililotangulia. Aliyekuwa amefunga orodha yake na kusahau alibaki na mwanya wazi.

Basi akaandika ule mstari wa 2.9, akajenga upya. Hakutuma. Alirudi kwanza kwenye jedwali, kwa sababu maktaba ya jedwali sasa ilikuwa imelazimishwa kula toleo ambalo haikuliomba, na ahadi ya tarakimu, kama Waholanzi walivyoona, si ya kuitegemea kwa macho yaliyofumbwa. Alichukua muhtasari wa miezi mitatu ya nyuma ambao jumla zake alishazihakiki kwa mkono, akaupitisha wote. Watoto waliochanjwa, sawa. Mahudhurio ya kliniki, sawa. Malaria, sawa. Akapitisha tena jedwali moja alilolikosea makusudi, kuona kama programu itamkatalia. Ikamkatalia.

Ndipo akabonyeza kutuma, na mama yake akaacha mchele akaja kusimama nyuma yetu. Ilichukua sekunde chache hivi.

"Imepokelewa," akasema.

Nilidhani amemaliza. Lakini alirudi kwenye karatasi ya programu, juu ya ule mstari mmoja alioongeza, akaandika kwa Kiswahili maelezo ambayo mashine huyaruka bila kuyasoma: kwamba toleo hili limewekwa hapa kwa sababu maktaba ya kutuma inalihitaji, kwamba siku maktaba ya jedwali itakapotoa toleo jipya, mstari huu ujaribiwe kufutwa, na tarehe. Nikamuuliza anamwandikia nani, maana programu ni yake peke yake.

"Sijui bado," alisema, akafunga kompyuta.